Tulivyomnyima Moffat Sauti Zetu

Kitendawili: ng'ombe wetu analishwa na kijiji kizima, lakini anakamuliwa na mtu mmoja. Nimewategea wajukuu wangu wakashindwa. Mmoja akasema ni serikali, nikamwambia anyamaze ale viazi. Waliponipa mji nikajibu mwenyewe: ni Muringato Rangers, timu yetu ya mpira, mwaka wa sabini na nne.

Hawajawahi kuisikia. Uwanja wake ulikuwa Nyeri, chini ya mtaa wa Skuta, karibu na kiwanda cha kupasua mbao, na siku hizi pamejaa nyumba za kupanga. Mahali palipokuwa goli pameanikwa nguo za watoto. Nikipita hapo bado natembea upande, kama mtu anayeogopa kupigwa na mpira.

Timu ilianzishwa na wapasua mbao mara tu baada ya uhuru, na mmoja wao alikuwa kaka yangu Theuri. Walikata miti miwili kwa kila goli, na mti wa juu wakaufunga kwa kamba ya mkonge. Jezi za kwanza tulizishona sisi wanawake wa soko kwa magunia ya unga, tukazichemsha na maganda ya miti ya miwati mpaka zikawa rangi ya chai kavu. Mvua ikinyesha ile rangi ilikuwa inawashukia mpaka kwenye magoti, na timu nzima ikawa na miguu ya watu waliotoka kukanyaga udongo wa matofali. Watu wa Kutus, wapinzani wetu wa siku zote, walitucheka. Tuliwafunga hivyo hivyo.

Hapakuwa na mwenye timu. Kila mwanamke wa soko alikuwa na jezi yake ya kufua, na yangu ilikuwa namba nne, ya Theuri. Mwalimu Simiyu, aliyekuja Nyeri kufundisha hesabu kutoka Bungoma, ndiye alikuwa kocha, kwa sababu yeye peke yake alikuwa na firimbi. Askari wa chuo cha polisi cha Kiganjo walikuja kucheza siku zao za kupumzika. Na sisi wanawake kazi yetu nyingine ilikuwa ngemi.

Ngemi ni vile vigelegele vyetu. Kwa watu wetu ngemi haipigwi ovyo, ina hesabu yake. Mtoto wa kike akizaliwa hupigwa tatu, wa kiume tano, na anayesikia kutoka ng'ambo ya bonde anajua bila kuuliza. Uwanjani tulipiga tano kwa kila bao. Mimi ndiye nilikuwa naanzisha, wengine wanafuata. Nilikuwa na koo wakati huo, si hili la sasa la kuitia kuku.

Kisha akaja Moffat.

Alikuwa na lori tatu za mbao na mashine mbili za kusaga unga. Alitununulia jezi za buluu zenye kola nyeupe, na mipira miwili ya ngozi, na tulimpigia makofi. Sisi wenyewe, kwa mikono yetu, ndiyo sababu huwa sipendi kumlaumu peke yake. Akasema timu lazima iandikishwe. Tukasema ndiyo, iandikishwe. Karatasi iliporudi ilikuwa na jina moja tu.

Tangu siku hiyo alianza kupanga wachezaji. Mwalimu Simiyu alikuwa anapelekewa majina na dereva wa lori, yameandikwa nyuma ya risiti ya mbao. Winga wa kulia akawa mpwa wake, kijana aliyekimbia kama amebeba mayai. Kila Jumamosi Moffat alitoa kiti cha sebuleni kwake, kile cha mbao chenye mito na vitambaa vya kufuma, kikaletwa kwa lori, kikawekwa kando ya uwanja. Watu wote tumesimama kwenye matope, yeye amekalia vitambaa vya mke wake.

Mwezi wa tatu mwaka ule mvua ilinyesha sana, na ili miguu yake isilowe kiti kilisogezwa mahali pakavu, ndani ya uwanja, hatua mbili kupita laini. Theuri alikuwa anakimbiza mpira pembeni. Mpira ukagonga mguu wa kiti ukatoka. Refa hakujua aseme nini. Theuri ndiye alikuwa kapteni, kwa hiyo alienda akasimama mbele ya Moffat, akavua kofia ambayo hakuwa nayo, yaani alishika kichwa kwa heshima.

"Bwana Moffat, kiti iko ndani ya laini. Songa nyuma kidogo, tafadhali."

Moffat hakuinuka. "Kiti ni yangu," akasema. "Laini ni yangu. Hata hiyo chokaa ni mimi nilinunua. Ni wewe utasonga."

Akamfukuza pale pale. Akasema Theuri hatakanyaga nyasi za uwanja ule tena, akimuona ataita polisi. Kaka yangu alivua jezi namba nne, akaikunja vizuri kama shati la kanisani, akaiweka juu ya mkono wa kile kiti. Akatoka kifua wazi kwenye mvua.

Yeye hakuwa mtu wa kulia. Lakini kila Jumamosi alikuwa anatoka nyumbani kama mtu anayeenda kutafuta kuni, anaenda kusimama nje ya ua wa miti ya kaiyaba, pale penye mwanya katikati ya miiba, anachungulia. Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Kwa mpira hiyo ni jioni. Nilijua kama hatarudi mwaka huo, hatarudi tena, na hilo ndilo lilikuwa linanikosesha usingizi. Alinilea yule. Baba yetu Wamae alichukuliwa wakati wa hali ya hatari akafia kambini, hatukuonyeshwa kaburi, na Theuri akawa baba akiwa na miaka kumi na mitano. Kitu chake kimoja tu cha kujifurahisha duniani kilikuwa mpira.

Mwanzoni tulimzomea Moffat. Tulizomea kiti, tukazomea mpwa, tukazomea mpaka lori. Watu walitunga maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mimi ni mama wa kanisa. Moffat alikuwa anainua kofia na kutabasamu, kama bwana harusi.

Aliyeona kosa letu alikuwa Benter, mke wa Koplo Ogutu, mmoja wa wale askari wa Kiganjo. Alikuwa ametoka Siaya, anauza omena, vile visamaki vikavu vya ziwani, sokoni karibu na maharagwe yangu. Watu wetu siku hizo walikuwa wanapita wamefinya pua, lakini wakarudi jioni kimya kimya na kikapu. Kiswahili chake na changu kila kimoja kilikuwa kimepinda upande wake, ila vilikutana.

"Dada," akaniambia, "huyu mtu mnamzomea, na yeye anashiba. Mnyimeni."

"Tumnyime nini? Kila kitu ni yake."

"Sauti. Hiyo aliandikisha lini?"

Basi Jumamosi iliyofuata nilichota udongo wa uwanja mkononi, wanawake wote wa soko wakiona, nikasema kinywa changu hakitatoa ngemi mahali hapa mpaka Theuri akanyage nyasi. Mchungaji wetu alikuwa anakataza viapo. Sikushika Biblia. Lakini mtu wa kwetu akishika udongo, wengine wanajua. Wanaume nao wakakubali kunyamaza, na wanaume wetu kunyamaza kwenye mpira ni kazi kubwa kuliko kuvunja kokoto.

Kama hujawahi kusikia uwanja uliojaa watu walionyamaza, sijui nikuelezeeje. Ulisikia kiatu kikigonga mpira, na pumzi za wachezaji. Ulisikia ng'ombe wa mtu ng'ambo ya mto. Moffat alicheka siku ya kwanza. Ya pili akaleta kreti za soda, akagawa bure. Tulikunywa. Tukarudisha chupa, tukaendelea kunyamaza. Ya tatu hakucheka. Alikuwa anageuka kwenye kiti, anatuangalia mmoja mmoja kama mtu aliyepoteza funguo.

Ila nitasema ukweli, walioumia zaidi walikuwa wachezaji. Walifungwa mara mbili mfululizo. Golikipa alinijia sokoni akaniambia, mama, tunacheza kama tuko mazishini, sasa tuwakose hata ninyi? Nilimpimia maharagwe nikamuongezea.

Wakati huo wote Wachuka, mke wa Theuri, alikuwa mjamzito. Walikuwa na wasichana wawili, na wa kwanza anaitwa Ngendo kama mama yetu. Kwetu majina yana njia yake. Mvulana wa kwanza huchukua jina la baba ya baba yake. Kwa hiyo kama tumbo lile lingekuwa la mvulana, angekuwa Wamae, na hilo kwetu si jina tu. Ni mtu amerudi. Mama alikuwa tayari ameanza kusuka kiondo kidogo, na mama hakuwahi kusuka kiondo kidogo kwa ajili ya wasichana.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, ile baridi yetu ya ukungu, mlima umejifunika hauonekani wiki nzima. Kutus walikuwa wamekuja. Asubuhi Wachuka alishikwa na uchungu, mkunga akaitwa, mama akanifukuza kwa sababu nilikuwa natembea tembea nikimwaga maji. Nikaenda uwanjani nikasimama na wenzangu. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo tu ya ua wa kaiyaba. Theuri alikuwa pale kwenye mwanya wake, lakini siku hiyo hakuwa anaangalia mpira. Alikuwa ameupa mgongo.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza, hakuna aliyefunga. Watu kama elfu moja, kimya. Hapo ndipo tukasikia ngemi kutoka nyumbani.

Zilikuwa sauti mbili za wazee, mama na mkunga, nyembamba, zinakatika katika kwenye ukungu. Kama tungekuwa tunashangilia kama zamani tusingezisikia kamwe. Ya kwanza. Ya pili. Wanawake wote wakanishika, huyu mkono, huyu shuka. Ya tatu. Hapo kukawa na nafasi kidogo, mama alikuwa anavuta pumzi, na ninakuambia wachezaji walisimama, hata wale wa Kutus, kwa sababu nao ni watu wetu, na walikuwa wanahesabu. Mpira ukajiendea peke yake mpaka ukalala kwenye nyasi.

Ya nne.

Ya tano.

Moffat aliinuka kwenye kiti akavua kofia akaipunga. Alidhani ni sisi. Alidhani tumemsamehe. Uso wake uling'aa kama wa mtoto, na siku hiyo tu, kwa nukta moja, nilimuonea huruma.

Lakini ngemi za mtoto lazima zijibiwe, na wa kwanza kujibu ni shangazi yake, dada ya baba. Ngemi isiyojibiwa ni kama mgeni amebisha hodi na waliomo ndani wamekaa kimya. Na huyu mgeni alikuwa baba yangu. Wanawake wote walikuwa wananiangalia mdomoni. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa kwa udongo niliouchota mwenyewe. Nikijibu, kiapo kimevunjika mbele ya watu wote, na Moffat tayari ana kofia mkononi anangoja kupokea. Nisipojibu, Wamae aliyekufa bila kuzikwa na watu wake anazaliwa bila kupokelewa na watu wake. Benter akaninong'oneza, dada, piga tu, Mungu ataelewa. Sikuweza.

Ndipo mama akatokea.

Alipita kwenye mwanya wa ua, akimsukuma Theuri kando kama mbuzi, akaingia uwanjani. Hakuzunguka. Alikata katikati, miguu mitupu, mikono bado ina unyevu wa maji ya kuoshea mtoto, akapita kati ya wachezaji ishirini na wawili kama anapita shambani kwake. Refa alipiga firimbi kidogo halafu akaona aibu akaitoa mdomoni. Moffat, na hili nimsifu, hakuwa mtu asiyelelewa. Alivuta kiti chake, akakipangusa kwa mkono.

"Mama, keti hapa."

"Asante, mwanangu," mama akasema. "Sikuja kukaa."

Akasimama katikati, pale duara la chokaa lilipokuwa, akageukia ua.

"Theuri! Kuja. Baba yako amefika."

Theuri hakusogea. Alimuangalia mama, akaangalia Moffat, akaangalia Koplo Ogutu aliyesimama langoni na rungu lake, kwa sababu Moffat alikuwa amemuomba akae pale kila Jumamosi. Koplo Ogutu aliinama akaanza kufunga kamba za viatu vyake. Viatu vyake havikuwa na kamba zilizofunguka. Alizifungua akazifunga upya, polepole sana.

"Theuri," mama akasema tena, si kwa nguvu. "Niko na baridi."

Kaka yangu akaingia. Niliangalia mguu wake wa kulia ukishuka kwenye nyasi, na kabla wa kushoto haujafika mdomo wangu ulikuwa wazi.

Sijawahi kupiga ngemi kama zile, na sitapiga tena. Ya kwanza nilikuwa peke yangu. Ya pili tulikuwa wanawake wote wa soko, na Benter akaweka zake za kwao, ndefu, zenye kupanda. Kufika ya tano hata wanawake waliokuja na lori la Kutus walikuwa ndani. Wazee walivua kofia. Theuri alikuwa amefika kwa mama, amemshika mikono, anauliza kitu ambacho hakuna mwingine alisikia.

Mwalimu Simiyu alimfuata mbio. Alikuwa ameshika jezi namba nne, sijui aliitoa wapi, nadhani alikuwa anakuja nayo kila wiki ndani ya mfuko wake. Alimuangalia Moffat. Watu wote walimuangalia Moffat. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kofia mikononi, anaizungusha. Halafu akatingisha kichwa, mara moja, kusema ndiyo. Kile tulichokuwa tunangojea miezi mitano kilikuwa pale, kimeshikwa mbele ya kaka yangu, cha buluu na kola nyeupe.

Theuri aliipokea jezi. Akaishika kidogo. Akaikunja vile vile kama shati la kanisani, akamrudishia Mwalimu.

"Mwalimu, leo niko na mtoto," akasema.

Akamshika mama mkono wakatoka. Nami nikafuata. Na kwa kuwa aliyeitikia ngemi za mtoto huenda kumsalimia mama yake, wanawake wa soko wakanifuata, wengine wameshaanza kubishana nani ataleta kuni na nani uji. Wanaume wakaona wake zao wanaondoka, wakakumbuka chakula, wakafuata. Nilipogeuka kwenye mwanya wa kaiyaba niliona uwanja mweupe kabisa, wachezaji na refa na Moffat tu, na mashabiki wachache wa Kutus. Alikuwa hajakaa.

Aliendelea na timu misimu miwili. Watu walirudi, lakini wachache, na wanawake hatukurudi. Hatukukubaliana, hakuna aliyeshika udongo. Ilitokea tu kwamba Jumamosi tuna kazi. Halafu biashara ya mbao ikaharibika, uwanja ukauzwa viwanja viwili viwili. Jezi za buluu niliziona mara ya mwisho zimevaliwa na watu wanaochuma kahawa Giakanja. Wajukuu wananiuliza kama tulishinda. Nawaambia tulikuwa na timu ya magunia ambayo ilikuwa yetu, na wananiangalia kama mtu aliyejibu swali lingine.

Lakini jioni ile tulikuwa bado hatujui hayo. Nyumba ilijaa mvuke na wanawake. Wachuka alikuwa amelala, uso umetulia. Theuri alikuwa amesimama nje karibu na mlango, amemshika mtoto vibaya, kama mtu aliyepewa gogo lenye utomvu, hataki kulikaribia na hataki lianguke. Nilimpanga mikono. Mtoto alikuwa na paji la uso la baba, pana, lenye hasira kidogo.

Nikamuuliza kwa nini alikataa. Nilikuwa na uchungu, sikuficha. Miezi yote hiyo nimefunga mdomo, nimewaona vijana wetu wakifungwa, yote kwa sababu ya ile jezi, na yeye ameirudisha kama chenji.

"Miezi tano nilikuwa nawaza siku Moffat ataniita," akasema. "Leo nikaitwa na mama. Nikikanyaga pale nikaona, kumbe si yule nilikuwa nangojea."

"Na mpira je?"

Alikuwa anasikiliza. Ng'ambo ya ua firimbi ilipigwa, ndefu, mara tatu. Mpira umekwisha. Niliona vile shingo yake ilivyonyooka.

"Ni ngapi ngapi?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo nikaona sijui. Nikamuuliza Benter, naye hajui. Tukauliza wanaume waliokaa juu ya magogo na vikombe vya uji, mmoja akasema sifuri sifuri, mwingine akasema hiyo ni ya kabla mama hajaingia. Watu elfu moja wa Muringato Rangers, na hakuna mmoja aliyebaki kuangalia mwisho.

Theuri akaenda mpaka kwenye njia na mtoto mikononi, nami nyuma yake, na mama anapiga kelele kutoka ndani kwamba Wamae asipigwe na baridi. Tukasimama tukingoja mtu wa kwanza kupanda kutoka uwanjani. Ukungu ulikuwa mzito, tulisikia miguu kabla ya kumuona. Alikuwa mtu wa Kutus, shabiki wao, na kitambaa cha timu yake shingoni. Hakuwa anaimba. Alikuwa anapanda kilima polepole, anaangalia chini, na Theuri akaanza kucheka kabla hata hatujamuuliza.